Gari Lililogawanywa kwa Mizani ya Mbata

Nimechoka kusimulia. Tangu nirudi, kila aletaye saa yake kutengenezwa huvuta kiti na kuniuliza, "Ehe, Bwana Athmani, ni kweli yale tunayosikia?" Nami huilaza saa yake mezani nikaanza upya. Juzi nimemrudishia mtu saa yenye mishale miwili ya dakika na hakuna wa saa, kwa sababu ya maneno. Kwa hivyo naandika mara moja, asome atakaye, na atakayecheka acheke nyumbani kwake. Habari za hati na maafisa naziacha, maana hizo hata mimi sikuzielewa.

Nyumbani, Malindi

Mwanzo wa yote ni mdomo wangu. Wakwe walikuja kupanga siku ya kumpeleka binti yangu Asya kwa mumewe. Mjomba wa bwana harusi, mtu wa Mombasa mwenye sauti ya kuuzia samaki, akasema wataleta gari lao kubwa jeusi, sisi tusijisumbue. Lile "msijisumbue" lilinichoma. Nikasema, "Binti yangu atatoka hapa kwa gari la babake." Mke wangu, Bi Rukia, alinitazama kama anitazamavyo ninapopanda ngazi nikiwa na taa ya chemli mkononi. Mimi sina hata baiskeli.

Asya ni kitinda mimba wangu, na nyumbani huniita Baba Nitaleta. Jina hilo nimelichuma mwenyewe. Alipofaulu darasa la saba nilimwahidi saa ya mkono. Mimi ni fundi saa, meza yangu imejaa saa, na mpaka leo hana. Nilimwahidi cherehani, nikamwahidi safari ya Lamu. Wageni walipoondoka akanijia, akasema kwa upole kabisa, "Baba, usijali, watu watasahau." Angenikasirikia ningepumua. Upole ule uliniuma, kwa sababu nilijua umetoka kwa mtu aliyeacha zamani kunitegemea. Nikaapa moyoni kwamba safari hii ataliona neno langu kwa macho yake, kabla hajatoka nyumbani kwangu. Zilibaki siku saba.

Mteja wangu mmoja ndiye aliyeniambia kuhusu Morris Minor la kijani huko Takaungu. Lilikuwa la marehemu Mzee Faki, mfanyabiashara wa mbata, zile nazi kavu, mtu aliyekuwa akifuta gari lake kwa kanzu kuukuu tu, si kwa kitambaa cha hivi hivi. Tangu afariki warithi hawajaliuza. "Lipo zima," mteja akasema, "ila limetawanyika kidogo." Nikadhani amekusudia viti vimechanika.

Nikamchukua fundi Kitsao, makanika Mgiriama wa mtaani kwetu, rafiki yangu wa miaka ishirini, mtu wa maneno machache. Alikuja na sanduku la vifaa na nguo za wiki nzima. Nikamuuliza nguo za nini, nasi tunarudi kesho.

"Umesema wewe," akajibu.

Malindi hadi Takaungu

Mpaka Kilifi tulikwenda vizuri. Kilifi tukaikuta feri imeshikwa. Daraja tunaahidiwa kila mwaka, nasi kila mwaka tunasubiri feri. Safari hii lori la nazi lilikuwa limezimika katikati ya feri, haliendi mbele wala nyuma, na dereva wake amekataa lisukumwe kwa kuhofia nazi zake. Basi feri ikawa inavuka na lori, inarudi na lori, na pembeni panabaki nafasi ya watu wachache na mbuzi.

Tukakaa ukingoni tukila mihogo ya kukaanga kwa ndimu na pilipili. Mtu mmoja akaliona sanduku la Kitsao, akamshika mkono, akampeleka kwenye lori. Mimi nikafuata ili tusipoteane. Kitsao akaingia chini ya lori na feri ikaondoka. Tulifika ng'ambo ya Takaungu, naye hajamaliza. Tukarudi. Tukafika tena, naye anatafuta bisibisi. Tulivuka mara tano, na kila tulipofika upande tunaoutaka hatukuweza kushuka, kwa sababu mwenzangu yumo chini ya lori na miguu yake ndiyo pekee ninayoiona. Lori lilipowaka watu walishangilia, na dereva akatupa nazi mbili.

Takaungu tulipokewa na mtoto mkubwa wa marehemu, Bwana Abdalla, mtu mpole hata unahisi umemkosea kwa kupiga chafya. Tukanywa kahawa na kuulizana hali za watu wote wa Malindi, walio hai na waliokufa. Ndipo akatupeleka uani.

Palikuwa na bodi ya gari juu ya mawe manne. Hakuna magurudumu. Hakuna milango. Nilipochungulia palipokuwa na injini nikaona kuku amelalia mayai, naye akaniona.

"Lililobaki liko wapi?" nikauliza.

"Liko kwa wenyewe," akasema Bwana Abdalla, na akaanza kueleza kwa haya.

Mzee Faki aliacha mjane, watoto wawili wa kiume na mmoja wa kike. Nyumba na minazi viligawanywa bila neno. Gari ndilo lililoleta kazi, kwa kuwa kila mmoja alikuwa na adabu. Huyu anasema, chukua wewe, kaka. Yule anasema, haiwi, chukua wewe, mdogo wangu. Walibembelezana hivyo siku tatu, mpaka wakaanza kununiana, kila mmoja akimwona mwenzake amemzidi wema kwa makusudi. Kuliuza waliona aibu, watu wasije wakasema gari la mzee limeuzwa hata udongo haujakauka. Siku ya nne jirani akaleta mizani ya mbata. Wakalifungua gari lote, wakalipima, wakaligawa kama sheria ilivyo: mama thumni yake, wanaume mafungu mawili mawili, mwanamke fungu moja.

"Haki ilitimia mpaka ratili ya mwisho," akasema Bwana Abdalla. "Bodi ilinizidi fungu langu kidogo, nikatoa milango na boneti."

"Na kadhi alisemaje?"

"Hatukutaka kumsumbua."

Kitsao aliizunguka ile bodi mara mbili. "Na nati?" akauliza.

"Nati ni za mama."

Bei haikuwa tabu. Alisema nitoe niwezacho, nikatoa, akasema nimezidisha. Tabu ilikuja nilipomwambia, basi sema umeuza. Akainamisha kichwa. "Mimi siwezi kumtangulia mama."

Mama yao, Bi Shumi, alikaa nyumba ya pili. Jiko lake lilikuwa na mlango mmoja wa kijani, mlango wa Morris, umefungwa kwa bawaba juu ya kizingiti, na pengo lililobaki limezibwa kwa makuti. Tulipopiga hodi hakufungua. Alizungusha mkono wa kioo, kioo kikashuka polepole, na uso wake ukatokea.

"Shikamoo, mama," nikasema.

"Marahaba, mwanangu. Mnasemaje?"

Nikaeleza haja yangu yote kwa dirisha la gari, nimeinama kama askari anayeomba leseni. Akanisikiliza mpaka mwisho. Akasema gari nilichukue kwa radhi zake zote, na mlango naweza kuubeba sasa hivi, yeye atatundika kanga. "Lakini sijauza," akasema. "Nitauzaje mimi kabla ya Mwanaisha? Ndiye aliyemuuguza babake mpaka pumzi ya mwisho. Yeye aseme kwanza."

Kisha akapandisha kioo. Baada ya kitambo kioo kikashuka tena, akatupa sahani ya wali wa nazi na nguru wa kupaka. Wali ule sitausahau.

Takaungu hadi Watamu

Tukavuka feri tena, mara moja tu, namshukuru Mungu. Mwanaisha anauza mahamri na mbaazi kwa wafanyakazi wa mahoteli pale Watamu. Alitulisha kabla ya kutusikiliza. Alipojua tumefuata nini akatukaribisha ndani, na pale tukayaona magurudumu manne. Yalikuwa chini ya kitanda chake, kila mguu wa kitanda umesimama juu ya gurudumu moja lililolazwa.

"Ni fungu langu," akasema. "Ningeyaweka wapi? Na hapa mvua ikinyesha maji huingia ndani."

Mumewe akaongeza kwamba hujaza upepo kila mwezi, maana gurudumu moja likipungua yeye huviringika usingizini na kuangukia ukutani. Ndiyo maana Kitsao alipoyabonyeza akatikisa kichwa kwa kuridhika. Hajaona magurudumu ya zamani yaliyotunzwa hivyo.

Mwanaisha alinipa yote manne. Lakini kuuza, la. Shebe, kaka yake wa pili, ndiye aliyemsomesha na kumwoza, na haiwezekani yeye aseme mbele yake. "Nendeni Mtwapa," akasema. "Yeye akisema ndiyo, hesabuni nami nimesema."

Tukayaviringisha magurudumu mpaka barabarani, mawili mimi, mawili Kitsao. Ndani ya basi mama mmoja akaniuliza gari letu liko wapi. Nikamwambia Takaungu. Akayatazama magurudumu miguuni pangu, akanitazama mimi, nguo zimejaa vumbi, siku ya tatu sijanyoa. Akashika kifua.

"Yaani wamewaibia gari wakawaachia magurudumu!"

Nilijaribu kukanusha, lakini habari ilishafika kiti cha mwisho. Watu wakatupa pole. Mmoja akasoma dua. Mwingine akasema wezi wa siku hizi hawana akili, gari litakwendaje bila magurudumu? Wakaanza kubishana kama walilibeba mabegani. Kitsao alipokea pole zote kwa heshima, na chungwa pia alipokea. Nilipomkemea akasema, "Wewe ungewaeleza ukweli, na ukweli wetu ndio usioaminika."

Watamu hadi Mtwapa

Magurudumu tukayaacha kwa Bwana Abdalla, tukaendelea kusini. Ilikuwa Alhamisi, na harusi Jumapili.

Shebe ana vyumba vya kupangisha Mtwapa, pale ambapo kila jumba lina muziki wake. Ni mtu mnene mwenye kicheko kikubwa. Injini ilikuwa sebuleni, katikati kabisa, imevishwa kitambaa cheupe cha kufuma, na juu yake radio ya kaseti na picha ya marehemu. Kila Ijumaa huipaka mafuta. Wapangaji wake wote wanaijua, na anayeingia kulipa kodi huamkia kwanza picha, kisha injini, kisha Shebe.

Nikamweleza. Akafurahi mno. Akaniita ndugu yake. Akaagiza biriani. Nikamwuliza, je, umeuza?

"Mimi sina kizuizi," akasema. "Kaka Abdalla akishasema tu. Yeye ndiye mkubwa wetu. Siwezi kumtangulia."

Hapo ndipo nilipoelewa. Mkubwa anamngoja mama, mama anamngoja binti, binti anamngoja Shebe, na Shebe anamngoja mkubwa. Tumezunguka pwani yote tumerudi pale pale. Nina hasira za karibu, wanaonijua wanajua. Nikatoka nje nikapiga teke kizingiti, na kizingiti kilikuwa cha saruji. Nikakaa barazani nimeshika kidole. Kusema kweli machozi yalinitoka, na si ya kidole. Nilikuwa nikimwona Asya akisema, "Usijali, baba," kwa sauti ile ile.

Kitsao akaja akakaa kando yangu. Alimaliza kwanza mfupa wa biriani. "Muulize," akasema, "kama injini inaweza kusafiri bila kuuzwa."

Ilikuwa inaweza. Shebe alisema hata yeye alikuwa na hamu ya kumwona mama. Basi injini ikatoka sebuleni kwa mkokoteni, wapangaji wakiiaga, na tukapanda lori la mchanga sisi watatu. Shebe alikaa na kanzu yake nyeupe juu ya mchanga, mkono mmoja juu ya injini, ule mwingine umeshika picha ya babake.

Takaungu, Ijumaa

Nikamtuma mtu Watamu, na Ijumaa baada ya sala Mwanaisha akawa amefika. Kitsao alisema hatashika hata nati moja kabla gari halijauzwa. Amechoka na mali za amana. Tukatandika mkeka mbele ya bodi. Wakakaa wote wanne. Hawakuwa wamekaa mkeka mmoja tangu siku ya mizani, na mwanzoni waliongea na kuku zaidi kuliko walivyoongea wenyewe.

Nikawaeleza kwamba nimewaelewa. Hakuna atakayemtangulia mwenziwe. Nitahesabu moja, mbili, tatu, na wote watasema pamoja, "Tumeuza." Wakasema ni shauri zuri sana.

"Moja, mbili, tatu!"

Kimya. Kila mmoja alikuwa amewapa wenzake nafasi.

Nikarudia. Bwana Abdalla alifungua mdomo, akamwona mama hajafungua wake, akaufunga. Mama akamtazama Mwanaisha. Mwanaisha akamtazama Shebe. Shebe akasema, "Karibu, kaka." Kaka akasema, "Haiwi, mama kwanza." Mara ya tatu nikahesabu polepole kama mwalimu wa chekechea, na kilichosikika ni jogoo tu.

Basi nikasahau adabu. Nilisimama nikapiga kelele ambazo sijapiga maishani. "Silitaki! Silitaki gari lenu! Mkae nalo, mlilalie, mlifanye mlango! Mimi nina binti, nina siku mbili, na nyinyi hapa mnapishana mlangoni mwa nyumba inayoungua! Kitsao, chukua sanduku, twende zetu!"

Nikageuka, nikapiga hatua tatu.

"Tumeuza!" wakasema wote wanne, sauti moja, kama wameimbishwa.

Wakatazamana. Bi Shumi akaziba mdomo kwa ukaya wake wa kichwani, mabega yakamtikisika, nikadhani nimemliza. Alikuwa anacheka. Shebe akafuata, kisha Mwanaisha, na Bwana Abdalla mpole alicheka mpaka akalala ubavu.

"Sasa mwanangu," Bi Shumi akaniambia akijifuta macho, "mbona hukukasirika tangu Jumatatu?"

Kitsao alifanya kazi Ijumaa ile na Jumamosi kutwa. Bi Shumi alikaa kwenye kigoda akimpa nati moja moja kutoka kopo la maziwa, na kila moja aliijua pahala pake, kwa kuwa ndiye aliyeshika taa siku ya kulifungua. Injini ilipowaka alasiri ya Jumamosi, Bwana Abdalla alitoka nje ya ua peke yake, akakaa huko kidogo, na aliporudi macho yalikuwa mekundu. Hatukumwuliza.

Takaungu hadi nyumbani

Jumapili tuliondoka adhuhuri. Kuku mwenye mayai hatukuweza kumtoa, kwa hivyo tulimhamishia kiti cha nyuma, na warithi wakasema si haki kumtenga, tumchukue. Feri ilitupokea bila neno. Askari mmoja barabarani alitusimamisha, akatazama gari, akatazama kuku, akatuaga. Mimi niliendesha, maana udereva Kitsao alinifundisha zamani. Kitsao alikuwa ameketi kando yangu akisikiliza injini, uso umekunjamana.

"Iseme," nikamwambia.

"Nati moja imebaki," akasema. Akanionyesha kiganjani. "Bado sijui ni ya wapi."

Tulifika mtaani kwetu baada ya alasiri. Nilikuta ngoma, vigelegele na wanawake wamejaa kichochoro kizima. Lile gari kubwa jeusi sikuliona. Mjomba wa Mombasa alikuwa amesimama kwa miguu yake, uso mkavu. Bi Rukia alinijia mbio, nikadhani atanikaripia, akanishika kichwa kwa mikono miwili mbele za watu.

"Asya aliwapelekea habari wasilete gari lao," akaninong'oneza. "Tangu Jumanne. Amewaambia babake analeta."

Nikapata nguvu, nikanyoosha shingo. Mwanangu ameniamini! Nikatoa kuku, nikapangusa kiti, nikasimama kando ya mlango. Asya akatoka amefunikwa buibui jipya, mikono imepambwa hina mpaka viwikoni. Akaona gari. Akasimama pale kizingitini akilitazama. Kisha akainua nguo kidogo ili apande, na nikaona miguu yake.

Chini ya nguo zote zile za harusi alikuwa amevaa raba. Raba nyeupe za shule, zimefungwa kamba barabara.

Nikaelewa hapo hapo. Alikuwa amewakataza wakwe wasilete gari ili nisiaibike, na yeye amejiandaa kutembea. Hakuniamini hata kidogo. Alinionea huruma tu. Aliona nimeona, akashusha nguo haraka, na mimi nikafunga mlango kwa upole ili usitoe sauti.

Tukaondoka. Watu mbele, watu nyuma, vigelegele. Gari likaenda hatua sitini, pengine sabini. Likakohoa. Likazimika katikati ya njia, mbele ya watu wote wa mtaa. Kitsao akashuka na ile nati mkononi, akafungua boneti, akasema amepajua pahala pake, ila sasa panaunguza, hapaguswi mpaka papoe. Mjomba wa Mombasa akaja dirishani, amefurahi waziwazi. Alisema hakuna tabu, gari lake liko nyumbani kwa jamaa hapo karibu, litafika sasa hivi, bibi harusi ashuke tu.

Sikuweza kugeuka nyuma kumtazama. Nilishika usukani, nikasema, "Haya, mwanangu. Shuka. Una raba."

Nikasikia kamba zinafunguliwa. Raba moja ikapita karibu na sikio langu ikatoka dirishani, kisha ya pili. Ya pili ilimpata mjomba kifuani.

"Sishuki," akasema Asya. "Hili ni gari la baba. Sukumeni."